Carolina Maria de Jesus: mama wa watoto watatu aliyeandika ku kaye za kuokota

Ku inchi ya Brazil kuko jimbo moja, jina yake Minas Gerais. Maana ya ile jina ni migodi ya pande zote, kwa sababu zamani Wareno walichimbisha pale zahabu na almasi kwa mikono ya watumwa, na wengi wao walitolewa huku kwetu, ku Kongo na ku Angola. Ni mu ile jimbo, mu muji mudogo wa Sacramento, Carolina Maria de Jesus alizaliwa tarehe 14 ya mwezi wa tatu 1914. Babu yake alikuwa mutumwa. Kule utumwa uliisha mu mwaka 1888 tu.

Carolina alisoma miaka mbili, basi. Mama mumoja mwenye feza alimulipia masomo, lakini jamaa yake wakahama na kalasi ikakatika. Ile miaka mbili ilitosha kumufundisha kusoma na kuandika, na tangu pale hakuacha tena.

Akakomaa, akafanya kazi ya shamba na kazi ya ku nyumba za watu, kisha akaenda ku São Paulo, muji mukubwa wa viwanda. Karibu ya mwaka 1948 akapata mimba, na hakukuwa tena nyumba ya kumupokea ku kazi. Akaenda kukaa Canindé, mutaa wa mabanda pembeni ya muto Tietê. Banda yake alijijengea mwenyewe, na mbao alizobeba ku kichwa, bati za kopo na makartoni. Pale akalea watoto watatu: wavulana wawili na binti mumoja. Wababa yao hawakukaa naye.

Kazi yake ilikuwa kuokota makaratasi na vyuma vya kutupwa, ile tunaitaka mitraye. Asubuhi sana alikuwa anaenda ku robine kupanga mustari na wenzake juu ya maji. Kisha anatembea muji muzima, mufuko wa makaratasi ku kichwa, binti yake mudogo mu mikono. Anauzisha kwa kilo. Feza yenye anapata ndiyo inaamua kama watakula muchele na maharagi, ao mukate mukavu, ao hapana. Kama mvua inanyesha, makaratasi yanalowana na siku inapita bure. Mama ambaye bwana yake anachimba anajua ile hesabu bila kufundishwa: siku machimbo inajaa maji, chungu nayo inabaki juu chini.

Lakini mu yale makaratasi ya kutupwa, Carolina alikuwa anaona kaye zenye kurasa zingine bado nyeupe. Zile hakuuzisha. Aliziweka, na akaandika ndani.

Kitabu chake cha kila siku kinaanza tarehe 15 ya mwezi wa saba 1955. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya binti yake. Mama alitamani kumununulia viatu, lakini bei ya chakula ilikataa. Basi akapata viatu mu takataka, akavisafisha, akavishona, mutoto akavaa. Hivyo ndivyo alianza: na mutoto, na viatu, na bei ya vitu.

Watu wanaulizaka namna gani mama wa watoto wadogo anaweza kuandika. Carolina hakungojea watoto wakomae. Mara zingine aliamuka saa kumi ya usiku, wote wanalala, akaandika mbele ya kwenda ku maji. Mara zingine aliandika muchana, kisha anaacha ili apike, afue nguo, ao asikilize majirani wenye kuja kulalamikia watoto wake. Kazi za nyumba hazikukaa mbali na maandiko yake: ziliingia ndani. Mule muko njaa, ugomvi wa mutaa, bei ya mukate, mutoto mwenye kuomba chakula mara ya pili wakati chungu imeisha. Aliandika pia mashairi, hadisi na nyimbo. Siku hakukuwa kitu cha kula, aliona ni heri kushika kaye kuliko kutukana watu.

Mwanaume mumoja alitaka kumuoa. Akakataa. Alijua bwana hatavumilia muke mwenye kuamuka usiku ili aandike, na mwenye kulala na kreyo chini ya muto wa kitanda. Alituma pia maandiko yake kwa wachapishaji, wakamurudishia. Ile ilimuumiza sana.

Mu mwaka 1958, mwandishi wa gazeti Audálio Dantas alikuja Canindé juu ya habari ya bembea zenye zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya watoto. Kumbe wanaume wakubwa ndio walikuwa wanazikalia. Akasikia mwanamuke mumoja anawatisha kwamba atawaandika wote mu kitabu chake. Akamufuata mupaka ku banda, akaonyeshwa kaye.

Kitabu kilitoka mu mwezi wa munane 1960, jina yake Quarto de Despejo, ni kusema chumba cha kutupia vitu. Kwake, muji ulikuwa sebule nzuri, na mutaa wa mabanda ndio chumba ambamo muji unatupa vitu na watu wenye hautaki kuona. Kopi 10,000 za kwanza ziliisha kwa siku chache. Kikageuzwa mu lugha zaidi ya kumi. Mu Kifaransa kilitoka mu 1962, jina Le Dépotoir.

Carolina akatosha watoto wake mu Canindé, akawapeleka mu nyumba ya matofali. Siku ya kuhama, majirani wamoja waliwatupia mawe, kwa sababu aliandika mambo yao. Ile pia ni bei yenye alilipa. Na utajiri haukudumu. Vitabu vya nyuma havikuuzwa sana, feza ikakwisha, akaenda kuishi Parelheiros, mbali ya katikati ya muji, akalima na akafuga kuku. Wakati mwingine akarudilia kuokota makaratasi. Alikufa tarehe 13 ya mwezi wa pili 1977. Kitabu juu ya utoto wake kilitoka nyuma ya kifo, kwanza ku Ufaransa, mu 1982.

 Lakini ule binti wa viatu vya kuokota akakuwa mwalimu wa masomo. Na mu mwaka 2021, universite ya serikali ya Rio de Janeiro ikamupa mama yake cheo cha dokta, yeye mwenye alisoma miaka mbili tu.