Sikh Maana Yake Mwanafunzi

Wenye hekalu la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, tumezoea kuwaita Makalasinga. Nami kama mwanaisimu huwakumbusha wanafunzi wangu kwamba neno Sikh maana yake ni mwanafunzi.

Baba Puran Singh alistahili jina hilo. Alizaliwa Punjab mwaka 1898, akafika Kenya mwaka 1916, akawa fundi mashuhuri Kericho. Darasa lake lilikuwa karakana na hekalu. Alifunza kwa kutenda, akihimiza utumishi usiotaka malipo, uitwao nishkam. Ndio uleule umlishao bure msafiri pale Makindu. Miaka ya 1970 alihamia Uingereza, akaasisi jumuiya yenye jina hilo. Alifariki mwaka 1983.

Walimu wenzangu wa Kitui, tukiwafunza watoto kutafuta vyeti tu, utumishi watajifunza kwa nani?