Benjamin Banneker, mkulima aliyehesabu njia za nyota

Wakati wa saa ya jeometria wengine wetu wanauliza: hii mambo ya duara na pembe itatusaidia nini? Basi katika toleo hili tunawaletea maisha ya Benjamin Banneker, mtu mweusi wa Marekani. Kwao anajulikana sana, hata posta yao ilitoa stempu ya barua yenye sura yake mwaka 1980. Hakuwa profesa. Alikuwa mkulima wa tumbako mwenye kupenda kujiuliza maulizo.

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1731 katika jimbo la Maryland, karibu na Baltimore. Baba yake, Robert, alikuwa mtumwa aliyepata uhuru. Mama yake, Mary, alikuwa mtu huru, kwa hiyo mtoto naye alizaliwa huru. Tufahamu vizuri: mu ile jimbo watu weusi wengi walikuwa watumwa wa mashamba, wanauzwa na kununuliwa. Mwaka 1737 wazazi wake walinunua shamba la hekta 40 hivi. Wanasimulia kwamba nyanya yake Molly njo alimufundisha kusoma, katika Biblia. Kisha aliingia shule ndogo wakati wa baridi, kazi ya shamba ikipungua. Masomo yake ya shule yaliishia pale.

Karibu mwaka 1753 aliona saa ya mfukoni. Akaangalia namna gani magurudumu yake yanashikana, akaanza kuchonga yake ya mbao kwa kisu. Tufikiri kidogo juu ya ile kazi. Mshale wa dakika unazunguka mara 12 wakati ule wa saa unazunguka mara 1. Kwa hiyo meno ya magurudumu yote lazima yahesabiwe, na duara igawanywe sawasawa kabisa. Jino moja likizidi, saa inadanganya. Saa yake haikudanganya. Ilitembea na kupiga kengele kwa miaka 50 na zaidi, na watu walitoka mbali kuja kuitazama.

Baadaye jamaa ya Ellicott walikuja kujenga mashine za kusaga ngano karibu na kwake. Walikuwa Wakweka, wale wanaoitwa Kanisa la Marafiki. Mmoja wao, kijana George Ellicott, alipenda sana mambo ya mbinguni. Karibu na mwaka 1788 alimuazimisha Banneker vitabu vya astronomia, darubini na meza ya kuandikia, akifikiri atarudi kumuelezea. Kumbe mzee alikuwa ameisha kuanza peke yake! Alikuwa na umri wa karibu miaka 57, umri ambao wengi wanasema akili imechoka.

Ulizo lake kubwa lilikuwa kupatwa kwa jua. Jua linafichwa wakati mwezi unapita kati yake na dunia. Sasa, mwezi mpya unarudi kila siku 29 na nusu: kwa nini jua halifichwi kila mara? Ni kwa sababu njia ya mwezi imeinama kidogo, pembe ya digri 5 hivi, na mara nyingi mwezi unapita juu au chini ya jua. Inafaa kuhesabu siku zenye njia zote mbili kukutana. Banneker alifanya zile hesabu kwa kalamu, usiku, kisha mchana akalala. Majirani waliona ni uvivu. Hata aligundua kwamba waandishi wawili wa vile vitabu hawakupatana juu ya jambo moja la kupatwa, akamuandikia George hivyo. Sisi tunapenda hapo sana: alisoma vitabu kwa heshima, lakini hakuviogopa.

Mwaka 1791 serikali ilitaka kupima udongo wa muji mkuu mpya, Washington. Mpimaji, Andrew Ellicott, ndugu wa George, alimuchukua Banneker. Ilikuwa kuchora mraba wenye maili 10 (kilometa 16) kila upande, pembe zake zikielekea kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Banneker alikaa katika hema usiku, anachunga saa kubwa na kuandika wakati nyota zinapita, maana bila nyota mstari ungepotoka. Wengine wanasimulia kwamba yeye alichora tena ramani yote ya muji kwa kichwa. Si kweli: alirudi kwake mwezi wa Aprili. Kazi aliyoifanya inatosha.

Mwaka ule alimaliza almanaka ya 1792, kitabu chenye kuonyesha kila siku jua na mwezi vinatoka na kuingia saa gani. Ile ya mwaka wa mbele hakupata mtu wa kuichapa. Safari hii mwanaastronomia Rittenhouse alitazama hesabu na kuzisifu. Tarehe 19 Agosti 1791 Banneker alituma nakala kwa Thomas Jefferson, waziri, yule aliyeandika mwaka 1776 kwamba watu wote waliumbwa sawa. Katika barua alimuuliza namna gani anaandika vile na huku anashika watu utumwani. Jefferson alijibu kwa adabu, akapeleka almanaka Paris kwa mwenye elimu Condorcet. Lakini watumwa wake wengi hakuwaachilia, na mwaka 1809, Banneker akiwa ameisha kufa, alimuandikia rafiki kwamba labda mzungu alimusaidia kuhesabu. Sisi tunaona barua ilimuuma. Hesabu za almanaka ziliendelea kuchapwa mpaka ile ya 1797.

Banneker hakuoa. Alikufa mwezi wa Oktoba 1806. Siku ya kumzika nyumba yake ilishika moto, na ile saa ya mbao ikaungua. Daftari lake lilipona, kwa maana lilikuwa limepelekwa kwa George pamoja na vitu vya kuazima. Ndani yake aliandika juu ya wadudu wenye kupiga kelele juu ya miti, waliotoka udongoni kwa wingi mwaka 1749, tena 1766, tena 1783, akangojea 1800. Wale wadudu walitoka tena mwaka 2021. Mwenye kutaka kuhakikisha atoe 1800 katika 2021, kisha agawe kwa 17.