Karl Terzaghi na Udongo wa Sasumua

Mama wa Kawangware au Kibera anunuaye maji kwa mtungi wa lita 20 hana sababu ya kulijua jina la Karl Terzaghi. Hata hivyo, sehemu ya maji ya Nairobi hutoka Bwawa la Sasumua, kwenye miteremko ya Nyandarua karibu na Njabini, na ushauri wa mtu huyu ulikuwa na uzito katika usanifu wake.

Terzaghi alizaliwa Prague tarehe 2 Oktoba, 1883, akasomea uhandisi wa mitambo mjini Graz, Austria. Enzi hizo wajenzi waliukisia tu udongo. Ukuta uliposimama walijisifu, na ulipoanguka walisingizia kudura. Alipokuwa mwalimu mjini Istanbul, alikofika mwaka 1916, Terzaghi aliamua kuupima. Kwa makasha ya biri na vifaa vilivyookotwa jalalani, alibaini kwamba uimara wa udongo hautokani na mzigo wote unaoulemea, bali na ile sehemu inayobebwa na chembe zenyewe baada ya kuondoa msukumo wa maji yaliyo baina yake. Kitabu alichokitoa mwaka 1925 kilizaa taaluma mpya. Baadaye alifundisha Marekani na Vienna, na tangu mwaka 1938 akawa Harvard.

Sasumua ilimjia uzeeni. Udongo mwekundu wa mfinyanzi uliopatikana pale uliwatia wahandisi shaka: ulishika maji mengi mno, na hata uliposhindiliwa ulibaki mwepesi. Kwa vipimo vya kawaida ulikuwa wa kutupwa. Terzaghi alieleza kuwa tabia hiyo ilitokana na madini ya haloisiti, ambayo chembe zake hushikamana vifungu vifungu, na kwamba udongo ule ulikuwa imara kuliko ulivyodhaniwa. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1958, bwawa likiwa limekwisha kujengwa. Mwaka 1959 alijiuzulu katika jopo la washauri wa Bwawa Kuu la Aswan, Misri, baada ya kutofautiana na wasanifu wa Kirusi. Alifariki Marekani tarehe 25 Oktoba, 1963.

Ukuta wa udongo, hata uwe imara vipi, haustahimili maji kupita juu yake. Kwa hiyo bwawa huwekewa mfereji wa kumwagia maji ya ziada, na mara nyingi chini yake beseni la kutuliza (istilahi ambazo bado hazijazoeleka miongoni mwetu). Humo maji yaendayo kasi huumuka na kujipiga yenyewe kwa yenyewe hadi yaishiwe nguvu ndipo yarudi mtoni. Mafuriko yakizidi makadirio ya msanifu, maji hubakiza nguvu ya kuchimba, nayo huanza kuula mfereji.

Mei 2003 mvua kubwa ilileta mafuriko yaliyouharibu mfereji wa Sasumua. Udongo uliotiliwa shaka ulisimama. Kilichoshindwa ni njia ya maji. Jiji lilipungukiwa maji hadi matengenezo yalipofanywa, na maji yanapoadimika Nairobi, bei ya mtungi hupanda kwanza katika vichochoro vya Kibera na Kawangware.