Marc Seguin na Mirija ya Moto

Katika vijiji vya Bunda na Butiama, watu wanaotaka kukausha mihogo hawaianiki ikiwa mizima. Huimenya, huipasua vipande vidogo, kisha huvitandaza juu ya majabali. Vipande hivyo hukauka upesi, kwa sababu sehemu kubwa zaidi ya muhogo huguswa na jua na upepo. Kumbuka jambo hilo unaposoma habari za Marc Seguin, fundi wa Ufaransa.

Seguin alizaliwa tarehe 20 Aprili 1786 katika mji wa Annonay. Mama yake alitoka katika ukoo wa Montgolfier. Ndugu wawili wa ukoo huo, Joseph na Étienne, walikuwa wamerusha angani puto kubwa la hewa ya moto mwaka 1783. Kijana Seguin alipokwenda Paris, Joseph alimfundisha mengi kuhusu mashine. Mengine alijifunza mwenyewe kwa kusoma na kujaribu. Mwaka 1825 yeye na ndugu zake walimaliza daraja lililoning'inizwa kwa nyaya za chuma juu ya mto Rhône.

Mwaka 1826 ndugu hao walipata kibali cha kujenga reli kutoka Saint-Étienne hadi Lyon, mwendo wa kilomita 58 hivi. Saint-Étienne kulikuwa na makaa ya mawe. Lyon kulikuwa na viwanda vilivyoyahitaji. Kazi ilikula fedha nyingi, maana ilibidi kutoboa milima. Je, nani angevuta mabehewa? Farasi walichoka upesi. Kampuni ilinunua injini mbili za mvuke kwa George Stephenson wa Uingereza, lakini Seguin aliona kuwa nguvu zake hazitoshi.

Kasoro ilikuwa ndani ya boila, yaani tangi la chuma la kuchemshia maji. Moto ulipita katika bomba moja nene lililozungukwa na maji. Joto jingi lilitoka bure kwa dohani bila kuyagusa maji, na mvuke ukawa haba. Kuongeza ukubwa wa boila kusingefaa, kwa kuwa injini ingekuwa nzito mno na reli za siku zile zingevunjika.

Seguin akaligawa lile bomba. Mahali pa bomba moja aliweka mirija mingi myembamba, maji yakaizunguka yote. Tufanye hesabu ili tuone faida yake. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 20 lina mzingo wa sentimita 63 hivi. Mirija 25 yenye kipenyo cha sentimita 4 hupitisha moshi katika nafasi ileile, lakini mizingo yake ikijumlishwa ni sentimita 314 hivi. Basi chuma kinachogusa maji kimeongezeka mara tano! Seguin alipewa hati ya uvumbuzi huo mwezi Februari 1828, na injini yake ya kwanza ilikuwa na mirija 43.

Likazuka tatizo jipya. Hewa ilipita kwa shida katika mirija myembamba, na moto ukafifia. Seguin alifunga feni mbili kwenye behewa la makaa lililofuata injini. Magurudumu ya behewa yalizizungusha kwa mikanda, nazo zikapuliza hewa motoni. Werevu wake ni mkubwa, ingawa njia hii ilikuwa na udhaifu: garimoshi liliposimama, feni nazo zilisimama. Injini ilijaribiwa Novemba 1829.

Mwezi mmoja kabla, injini ya Stephenson iitwayo Rocket ilikuwa imeshinda mashindano huko Uingereza. Nayo ilikuwa na mirija, 25 kwa idadi, kwa shauri la Henry Booth. Watu wamebishana sana nani alitangulia. Hati ya Seguin ni ya zamani zaidi, lakini Waingereza walifikia wazo hilo kwa njia yao wenyewe. Tena walipata dawa bora ya moto kufifia: mvuke uliokwisha kufanya kazi ulielekezwa katika dohani, ukavuta hewa kupita motoni. Njia hiyo ndiyo iliyoenea duniani, pamoja na mirija.

Seguin alifariki Annonay tarehe 24 Februari 1875, akiwa na umri wa miaka 88. Jina lake limeandikwa kwenye Mnara wa Eiffel mjini Paris.

Musoma haina reli. Pamba ya Mara ilivushwa ziwani kwa meli, kisha ikapakiwa katika mabehewa. Magarimoshi yaliyofika Mwanza tangu mwaka 1928 yalivutwa na injini zenye mirija ya moto. Katika makumbusho ya reli mjini Nairobi ipo injini kubwa ya mvuke ya miaka ya 1950, iliyopewa jina la mlima wetu wa Gelai. Ndani ya boila yake moto ulipita kwa mirija, maji yakiizunguka, kama katika injini ya Seguin.