Funzo la Carey Francis kwa walimu wa Ngao

Katika shule nyingi sayansi hufundishwa kwa chaki tupu, kabati la vitabu hutiwa kufuli, na kipindi cha mazoezi ya viungo huliwa na hisabati. Hoja ni ile ile: mtihani hautahini miguu. Wanaoishikilia hoja hiyo yafaa wayatazame maisha ya marehemu Edward Carey Francis, mtu asiyeweza kushutumiwa kwamba aliidharau hisabati.

Alizaliwa London mwaka 1897. Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akawa mhadhiri wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1928 aliiacha heshima hiyo, akaja kufundisha Maseno. Kuanzia 1940 hadi 1962 alikuwa mwalimu mkuu wa Alliance, kule Kikuyu. Alitunga vitabu vya hesabu kwa shule za Kiafrika, na bado alishuka uwanjani kufundisha kandanda. Kwake yeye akili, mwili na tabia vilikuwa mafiga matatu. Ukiondoa moja, chungu hupinduka.

Simsifu kwa yote. Alikuwa mkali, tena aliuamini mno utawala wa Kiingereza wakati Wakenya walipokuwa wakidai uhuru. Hata hivyo, wengi wa mawaziri wa kwanza wa Kenya huru walitoka Alliance. Naye alipostaafu hakurejea kwao, bali alikwenda Pumwani, Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida hadi alipofariki mwaka 1966.

Hapo ndipo ninapolipata funzo kwa ajili ya Ngao, ambako wamisionari wa Kijerumani walifika tangu karne ya 19. Serikali haisamehewi wajibu wake wa kujenga maabara na maktaba. Lakini wakati tunadai haki hiyo, mto Tana unapita. Mwanafunzi aweza kupima tope lililoachwa na mafuriko, akawauliza wazee wa Kipokomo kuhusu misimu ya kupanda mpunga, akaandika majibu yao, kisha akayalinganisha na vitabu. Huo ni utafiti kamili. Na kabati lifunguliwe: kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kina faida kuliko kipya kinacholiwa na mchwa.

Ama kuhusu uwanja, mwalimu aliyetoka Cambridge hakuona haya kuukanyaga. Sisi tunaona haya ya nini?