Dobi wa Marekani aliyetajirika kwa mafuta ya nywele

Muuza vipodozi wa Mwanjelwa jijini Mbeya na mfugaji nyuki wa Mufindi mkoani Iringa huenda hawajawahi kuonana, lakini biashara zao ziliwahi kukutana ndani ya kopo moja zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwenye kopo hilo alikuwa mwanamke mweusi wa Marekani aliyefahamika kama Madam C. J. Walker.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Sarah Breedlove. Alizaliwa Desemba 23, 1867 huko Delta, jimbo la Louisiana, kwa wazazi waliokuwa watumwa. Akiwa na miaka 7 alikuwa yatima, akaolewa na miaka 14, na alipofika 20 alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Lelia. Alihamia St. Louis, walikokuwa kaka zake vinyozi, akaishi kwa kufua nguo za watu. Ujira wake ulikuwa kama dola 1.50 kwa siku.

Huko nywele zake zikaanza kukatika. Tatizo hilo lilikuwa la wengi, kwa kuwa nyumba za maskini hazikuwa na maji ya bomba na watu waliosha vichwa kwa nadra. Alijaribu dawa nyingi, kisha akawa wakala wa Annie Malone, mwanamke mweusi aliyekwisha kujijenga katika biashara hiyo. Mwaka 1905 alihamia Denver, akawa mpishi huku akiuza mafuta. Januari 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, na jina la mume likawa jina la bidhaa.

Malone alilalamika kwamba ameigwa. Walker mwenyewe aliwaambia wateja kuwa mchanganyiko aliuota usingizini, na kwamba sehemu ya dawa ilitoka Afrika. Lilikuwa tangazo zuri. Lakini kilichokuwa koponi ni mafuta mgando, nta ya nyuki, mafuta ya nazi, salfa na manukato kidogo, na salfa ilitibu ngozi tangu zamani. Leo hata mafuta ya parachichi, zao la wakulima wa Rungwe, hutiwa kwenye vipodozi vya nywele.

Kilichomtofautisha ni namna ya kuuza. Alikwenda nyumba kwa nyumba na makanisani, akamwosha mteja kichwa, akampaka mafuta na kumfundisha kuosha nywele mara kwa mara. Pengine huko kuosha ndiko kulikokuwa nusu ya dawa! Kopo liliuzwa senti 50.

Mwaka 1908 alifungua chuo cha kufundisha mawakala huko Pittsburgh, akakiita kwa jina la binti yake. Mwaka 1910 alihamia Indianapolis na kujenga kiwanda. Mawakala wake wakawa maelfu, wengi wakiwa wanawake ambao bila kazi hiyo wangebaki madobi na wapishi. Mwaka 1913 alitafuta soko Jamaika, Kuba, Haiti na Panama. Mwaka 1917 aliwakusanya mawakala wapatao 200 huko Philadelphia, akawazawadia waliouza sana na pia waliochangia sana misaada.

Jambo moja alilikataa: kuuza dawa za kujichubua, wakati magazeti yalijaa matangazo yake. Kampuni iliziingiza sokoni baada ya yeye kufa. Muuza duka wa Mbeya anayejua jinsi mkorogo unavyoleta fedha za haraka, licha ya krimu zenye zebaki na haidrokwinoni kupigwa marufuku nchini, anaweza kupima uzito wa uamuzi huo.

Walker alifariki Mei 25, 1919 katika nyumba yake kubwa huko Irvington, New York, akiwa na miaka 51. Mali aliyoacha ilikadiriwa kufikia dola 600,000. Uongozi wa kampuni ukaenda kwa Lelia, na wosia ukaagiza thuluthi mbili za faida ya baadaye ziende kwenye misaada.