Samuel Morse: Mchoraji aliyeufundisha ulimwengu kufupisha habari

HABARI ikichelewa hukuta maafa yamekwisha kutokea. Jambo hilo wanalijua wakazi wa Kyela wanaolima chini ya mito inayofurika, na alilijua pia Samuel Morse, Mmarekani aliyefariki dunia mwaka 1872.

Morse alizaliwa Aprili 27, 1791 huko Charlestown, jimbo la Massachusetts, akiwa mtoto wa mchungaji. Alisoma Chuo cha Yale, kisha akaenda London kujifunza uchoraji. Februari 1825 alikuwa Washington akimchora Jenerali Lafayette, mkewe alipofariki ghafla New Haven. Barua ilimfikia kwa kuchelewa, na alipofika nyumbani mazishi yalikuwa yamekwisha.

Mwaka 1832, akiwa melini akirejea kutoka Ulaya, alipata wazo la kupeleka ujumbe kwa umeme. Akishirikiana na Alfred Vail, alitengeneza mtambo pamoja na alama za nukta na mistari. Herufi zinazotumika mara nyingi katika Kiingereza zilipewa alama fupi: E nukta moja, T mstari mmoja. Herufi adimu zilipewa alama ndefu. Mei 24, 1844 ujumbe ulisafiri kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore.

Hakuwa mtu asiye na doa, kwani katika maandishi yake alitetea utumwa. Alifariki New York Aprili 2, 1872, akiwa na umri wa miaka 80.

Tofauti kati ya mwenye simu ya waya na asiye nayo ilidhihirika Ziwa Nyasa, Agosti 1914. Meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa ikitengenezwa Sphinxhafen, ambayo leo ni Liuli, iliposhambuliwa na meli ya Waingereza, Guendolen. Waingereza walikuwa wamekwisha kuarifiwa kuwa vita imeanza. Nahodha Mjerumani hakuwa na habari.

Leo adui wa ufukwe wa kaskazini ni maji. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kuufurikia uwanda wa Kyela wakati wa masika. Mito ya namna hiyo huweza kulindwa kwa vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima kina cha maji na kupokezana vipimo bila waya hadi kituoni. Lakini vihisi vilivyo karibu na kituo hubeba mzigo wa vyote. Ujumbe hugongana, hupotea, hutumwa upya, na betri huisha.

Hapo kanuni ya Morse hurudi kazini. Kihisi hutuma tofauti tu kati ya kipimo kipya na kilichotangulia, na tofauti inayojirudia zaidi hupewa alama fupi kuliko zote. Mwaka 1952 Mmarekani David Huffman alichapisha njia ya kugawa alama hizo ili wastani wa urefu wake uwe mdogo iwezekanavyo. Msongamano hupungua.

Hata hivyo, mto ukifura vipimo hubadilika kwa kasi, na ufupishaji hupungua nguvu saa ile ile unapohitajika. Kwa sababu hiyo mtandao hupaswa pia kuupisha kwanza ujumbe wa hatari, ili aliye bondeni apate muda wa kuwaondoa watoto kabla maji hayajabisha hodi.